Kemikali Zinazoiamsha Aneksini: Ni Ipi Hasa Inayoigusa?

Mwanafunzi wa uzamili anayetaka kuichunguza protini iitwayo aneksini A1 mara nyingi huanza kwa kufungua katalogi ya kemikali za maabara. Humo atakuta vitu kadhaa vinavyotajwa kuwa viamshi vya protini hiyo. Ionomisini imo. Deksamethasoni, ile ile inayouzwa kwenye maduka yetu ya dawa, imo. Thapsigargini imo, na esta za forboli, zinazotokana na mafuta ya mbegu za Croton tiglium, nazo zimo. Zote zimepangwa pamoja, bei pembeni, na asiyejua atadhani zinafanya kazi moja kwa viwango tofauti vya nguvu. Sivyo. Kila moja hufanya kazi yake mbali na nyingine, na karibu zote haziigusi aneksini hata kidogo. Anayeshindwa kuona tofauti hiyo anaweza kutumia miaka mitatu ya utafiti kupima kitu asichokikusudia, na daktari asiyeiona anaweza kumpa mgonjwa dawa sahihi kwa ugonjwa usio wake.

Aneksini ni ukoo mzima. Binadamu ana protini 12 za ukoo huu, A1 hadi A11 na kisha A13, namba 12 ikiwa imeachwa bila mwenyewe. Zote zina tabia moja: kalsiamu ikiwapo hujibandika kwenye fosfolipidi, yaani mafuta yanayounda utando wa seli, kalsiamu ikiondoka, hubanduka. Hupendelea fosfolipidi zenye chaji hasi, hasa fosfatidilserini, ambayo katika seli yenye afya hukaa upande wa ndani wa utando. Kila moja ina kiini chenye vipande vinne vinavyofanana, kila kipande kikiwa na asidi amino 70 hivi (A6 pekee ina vipande vinane). Kiini hicho kimepinda, na upande uliobinuka ndio unaobeba kalsiamu na kuuelekea utando. Kinachozitofautisha ni mkia wa mwanzo wa protini, ambao kila moja ina wake.

Katika aneksini A1, yenye asidi amino 346, mkia huo ndio wenye maneno. Picha za fuwele zimeonyesha kwamba bila kalsiamu umejificha ndani ya kipande cha tatu cha kiini, kama kichwa cha kobe ndani ya gamba. Kalsiamu ikiingia, mkia unasukumwa nje na kuwa huru kukutana na protini nyingine. Kwa hiyo kiamshi halisi cha aneksini kinajulikana, na ni cha bei rahisi kuliko vyote: ni kalsiamu yenyewe. Hakuna kidonge kinachohitajika. Seli iliyotulia ina kalsiamu huru kiasi cha nanomoli 100 kwa lita, ilhali majimaji yaliyo nje yake yana zaidi ya milimoli moja. Tofauti hiyo ni kama mara 10,000. Njia yoyote inayoruhusu kalsiamu kuingia, hata kwa sekunde chache, itazipeleka aneksini kwenye utando.

Hapo ndipo ionomisini inapopata nafasi yake. Ionomisini, pamoja na kemikali nyingine iitwayo A23187, hutengenezwa na bakteria wa udongo wa jenasi Streptomyces. Huikumbatia ioni ya kalsiamu na kuivusha utando. Thapsigargini, inayotoka kwenye mmea wa Thapsia garganica wa kandokando ya Bahari ya Mediterania, hutumia njia nyingine: huzuia pampu inayorudisha kalsiamu kwenye ghala lake ndani ya seli, na ghala linavuja hadi linapungukiwa. Matokeo ya njia zote mbili ni kalsiamu kujaa ndani, na aneksini zote zilizo tayari kwa kiwango hicho kukimbilia utandoni. Nasisitiza zote. Mtafiti anayetumia ionomisini na kusema ameiamsha A1 ameamsha pia A2, A4, A5 na A6, ameamsha vimeng'enya vinavyokata protini kwa amri ya kalsiamu, na akizidisha kiasi au muda ameanza kuiua seli. Seli inayokufa hugeuza fosfatidilserini yake kutoka ndani kwenda nje; ndiyo maana aneksini A5 iliyotiwa rangi imekuwa, tangu katikati ya miaka ya 1990, kipimo cha kawaida cha kutambua seli zinazojiua. Mtu anaweza basi kuona aneksini imeng'ang'ania utando na kuandika kwamba dawa yake inafanya kazi, kumbe anaangalia maiti.

Deksamethasoni ni hadithi ndefu zaidi, na ndiyo iliyonivuta mimi kwenye somo hili.

Mwaka 1948, katika Mayo Clinic ya Minnesota, Marekani, Philip Hench alimdunga mgonjwa wa baridi yabisi kotizoni, homoni ambayo mwenzake Edward Kendall alikuwa ameifanyia kazi kwa miaka mingi. Baada ya siku chache mgonjwa aliyekuwa hawezi kutembea vizuri aliweza. Mwaka 1950 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Tadeus Reichstein wa Uswisi. Dunia ikapata steroidi, ila haikujua zinavyofanya kazi. Miaka 21 baadaye, mwaka 1971, John Vane wa Uingereza alionyesha kwamba aspirini huzuia kimeng'enya kinachotengeneza prostaglandini, kemikali za mwili zinazoleta maumivu na joto la kuvimba. Steroidi nazo zilipunguza prostaglandini, lakini kimeng'enya kile cha aspirini zilikiacha bila kukigusa. Zilizuia jambo lililo nyuma yake: kutolewa kwa mafuta ghafi kutoka kwenye fosfolipidi za utando.

Rod Flower na Gerard Blackwell, wakiwa kwenye maabara za Wellcome huko Beckenham, waliona jambo ambalo wengi wangelipita. Walipopitisha steroidi kwenye mapafu ya simbilisi, athari haikuja papo hapo. Ilihitaji muda. Na walipozuia seli kutengeneza protini mpya, athari ilitoweka. Maana yake ni kwamba steroidi haikuwa ikizuia kitu kwa mkono wake. Ilikuwa ikiiamuru seli itengeneze protini, na protini hiyo ndiyo iliyozuia. Walichapisha hilo mwaka 1979. Maabara nyingine zikapata protini za namna hiyo kwenye seli nyingine, kila moja ikiipa jina lake, hadi wakakubaliana kuiita lipokotini, ndiyo aneksini A1 ya leo. Jeni yake ikasomwa mwaka 1986, na kwa muda ilionekana kwamba dawa ya steroidi isiyo na madhara ya steroidi imekaribia.

Kisha mwaka 1987 ukaja utafiti uliozima shangwe hiyo. Ulionyesha kwamba lipokotini, ndani ya bomba la majaribio, haikikamati kimeng'enya cha fosfolipasi A2, kile kinachoyatoa mafuta ghafi kwenye utando. Inafunika tu mafuta ambayo kimeng'enya kinapaswa kuyakata. Ukiongeza mafuta, kizuizi kinatoweka. Na jambo hilo linaweza kufanywa na karibu aneksini yoyote, maana kubandika mafuta ndiyo kazi ya ukoo mzima. Wengi waliliacha somo. Kwa maoni yangu pigo hilo lilikuwa la manufaa kuliko miaka yote ya shangwe, kwa sababu liliwalazimisha waliobaki kuacha kutafuta kizuizi cha kimeng'enya na kuuliza protini hii inakwenda wapi inapotoka ndani ya seli.

Jibu lilipatikana kwenye nyutrofili, zile chembe nyeupe za damu zinazofika kwanza panapoumia. Nyutrofili imejaa aneksini A1: asilimia 2 hadi 4 ya protini zilizo kwenye majimaji yake ya ndani. Mwaka 1996 Mauro Perretti na wenzake walionyesha kwamba nyutrofili inapojishikiza kwenye ukuta wa mshipa wa damu, ikijiandaa kupenya kwenda kwenye jeraha, aneksini A1 hutoka nje na kukaa juu ya uso wake. Huko nje kalsiamu ni tele, mkia unafunguka, na unakutana na kipokezi kiitwacho FPR2 kwenye seli hiyo hiyo au ya jirani. Ujumbe unaopita ni wa kutuliza: nyutrofili zinabanduka ukutani, zinazofika zinaharakishwa kufa kwa utaratibu, na makrofaji, seli walaji za mwili, huyala mabaki yake bila kuzua vurugu mpya. Kipande cha mkia peke yake, asidi amino 25 kinachojulikana kama Ac2-26, kilitosha kuleta sehemu kubwa ya athari hiyo katika panya. Na mwaka 2003 walipotengenezwa panya wasio na jeni ya aneksini A1, deksamethasoni ilipungua nguvu kwao katika aina kadhaa za kuvimba.

Kwa hiyo steroidi huiamsha aneksini A1 kwa njia mbili zenye saa tofauti. Ya kwanza ni ya taratibu: steroidi hushikana na kipokezi chake ndani ya seli, huingia kwenye kiini cha seli, na katika aina fulani za seli jeni ya A1 inasomwa zaidi; hilo huchukua saa kadhaa. Ya pili ni ya dakika: steroidi huichochea protini kinasi C, kimeng'enya kinachobandika fosfati kwenye serini, asidi amino ya 27 ya mkia, na aneksini iliyokuwepo tayari huhamia utandoni na kutoka nje. Anayepima baada ya dakika 10 na anayepima baada ya saa 24 wanapima mambo mawili, hata kama chupa waliyotumia ni moja. Makala nyingi ninazosoma hazitaji muda huo hadi ukurasa wa mwisho, na hilo huniudhi, kwa sababu muda ndio unaosema ni njia ipi.

Esta za forboli zinaingia hapo hapo, kwa mlango wa protini kinasi C. Zinaiwasha kwa nguvu na kwa muda mrefu kupita kiasi chochote cha kawaida, na pamoja na aneksini zinaifanya ibandike fosfati kwenye protini nyingine chungu nzima. Zinafaa kuthibitisha kwamba njia ipo. Zaidi ya hapo sioni kazi yake.

Kromoglikati, kinyume chake, inastahili kutazamwa kwa makini. Asili yake ni khellini, kemikali inayotoka kwenye mmea wa Ammi visnaga, ambao Wamisri wameutumia tangu zamani kwa tiba za kienyeji. Katika miaka ya 1950 na 1960 Roger Altounyan, daktari aliyezaliwa Aleppo, Syria, na kufanya kazi katika maabara ya dawa nchini Uingereza, alikuwa akitafuta dawa ya pumu. Yeye mwenyewe alikuwa na pumu. Alivuta kwa makusudi vumbi lenye manyoya ya simbilisi ili apate shambulio, kisha akajaribu kemikali zilizotokana na khellini moja baada ya nyingine, kwa miaka. Mwaka 1965 akafika kwenye kromoglikati ya sodiamu. Haikupanua mirija ya hewa. Ilizuia shambulio lisianze, ikiwa imevutwa mapema. Vitabu viliiita kituliza seli masti, zile seli zinazomwaga histamini mtu anapopata mzio, lakini jinsi inavyozituliza haikueleweka kwa miongo kadhaa.

Ni kundi la Flower tena, miaka 30 baada ya mapafu ya simbilisi, lililoonyesha njia inayowezekana. Kromoglikati na ndugu yake nedokromili huzuia fosfatasi PP2A, kimeng'enya kinachoondoa fosfati. Kimeng'enya hicho kikizuiwa, protini kinasi C hubaki ikifanya kazi kwa muda mrefu zaidi, na aneksini A1 nyingi zaidi hutoka nje ya seli. Kwenye seli masti za panya wasio na jeni ya A1, dawa hizo zilipoteza nguvu zake. Dawa iliyokuwa madukani kwa miaka 40 ilipata maelezo kutoka kwa protini ambayo wakati dawa inabuniwa hakuna aliyeijua. Huo kwangu ni ushahidi bora kuliko wote kwamba aneksini inaweza kuchochewa bila steroidi: kromoglikati haiingii kwenye kiini cha seli kubadilisha jeni, haichuni ngozi, haipandishi sukari.

Zipo pia kemikali zinazoiruka aneksini kabisa na kwenda kugonga kipokezi chake. Kiwanja kiitwacho 17b ni mfano mmoja. Kilichapishwa mwaka 2017 kikiwa kimepunguza uharibifu wa moyo wa panya ulionyimwa damu. Katalogi nazo mara nyingine huziweka pamoja na viamshi. Ni kazi nzuri, lakini tuziite kwa kazi yake: zinafanya yale ambayo aneksini ingefanya, aneksini ikiwa imelala. Na kama swali ni ipi inayoigusa aneksini yenyewe kwa mkono, mfano ulio wazi zaidi ni kemikali iitwayo K201 ya Japani, ambayo fuwele za miaka ya 1990 zilionyesha imekaa ndani ya aneksini A5. Hiyo huizuia, haiiamshi. Protini hii haina shimo la kazi kama kimeng'enya, mahali ambapo kemikali ndogo ingeingia na kugeuza ufunguo. Nguvu yake imo katika kuwapo mahali fulani kwa wakati fulani, na kemikali zinachoweza kubadilisha ni mahali hapo na wakati huo.

Haya si mambo ya maabara peke yake. Juni 2020 jaribio la RECOVERY la Uingereza lilitangaza kwamba deksamethasoni, miligramu 6 kwa siku hadi siku 10, inaokoa wagonjwa wa UVIKO-19. Waliokuwa kwenye mashine za kupumulia walikufa asilimia 29.3, dhidi ya asilimia 41.4 ya wenzao wasioipata. Lakini kwa wagonjwa ambao hawakuhitaji oksijeni hapakuwa na faida, na idadi ilielekea upande mbaya: asilimia 17.8 dhidi ya 14.0. Ukifikiria kwa njia ya nyutrofili, jambo hilo linaeleweka. Breki inafaa pale ambapo mwili umeshapita lengo na unajiumiza wenyewe. Anayepigana na virusi katika siku za mwanzo anahitaji wapiganaji wake, na kuwatuma nyumbani mapema ni kumwachia adui uwanja. Huko mitaani kwetu watu walinunua deksamethasoni wakiwa na kikohozi tu.

Onyo kubwa zaidi lilikuwa limeshatolewa miaka minne kabla, na Waganda walikuwa miongoni mwa wagonjwa. Jaribio la CryptoDex, lililofanyika Asia ya Kusini-Mashariki pamoja na Malawi na Uganda, liliwapa deksamethasoni wagonjwa wa VVU wenye homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na kuvu aina ya kriptokoka. Lilisimamishwa kabla ya wakati. Waliopata dawa walibaki na ulemavu mwingi zaidi na madhara zaidi, na kuvu lilisafishwa taratibu zaidi kwenye maji ya uti wa mgongo. Wakati huo huo, kwa homa ya uti wa mgongo ya kifua kikuu, deksamethasoni hiyo hiyo hupunguza vifo. Neno uti wa mgongo ni moja kwenye cheti, lakini katika ugonjwa mmoja kuvimba ndiko kunakoua zaidi, na katika mwingine ni kuvu lenyewe.

Aneksini haielezi kila kitu ambacho steroidi inafanya, na hapa napenda wenzangu wa maabara wawe waangalifu. Steroidi hubadilisha usomaji wa mamia ya jeni. Mwaka 2020 jaribio la Shirika la Afya Duniani lililofanyika Kenya, Nigeria, India, Pakistan na Bangladesh lilionyesha kwamba deksamethasoni kwa mama anayekaribia kujifungua kabla ya wakati hupunguza vifo vya watoto wachanga kutoka asilimia 23.5 hadi 19.6. Faida hiyo inatokana hasa na kukomaa kwa mapafu ya mtoto, kazi ya jeni nyingine. Na krimu za mkorogo zenye klobetasoli, ambazo bado zinapatikana madukani ingawa zimepigwa marufuku, huifanya ngozi iwe nyembamba na kupasuka kwa sababu steroidi huzuia utengenezaji wa kolajeni. Anayejipaka anaipata breki ya kuvimba pamoja na mambo mengine yote ambayo ngozi yake haikuyaomba.

Wala kuiamsha A1 si heri kila mara. Wataalamu wa damu huitumia protini hii kuitambua saratani ya damu ya seli zenye nywele, kwa sababu seli hizo zimejaa A1 kuliko saratani nyingine za seli B. Katika baadhi ya saratani za matiti imezidi. Katika za umio na za tezi dume imepungua. Kemikali inayoongeza aneksini kwa mgonjwa wa pumu haiwezi kupelekwa kwa mgonjwa wa saratani kwa hoja kwamba inatuliza.

Nayasema haya nikiwafikiria zaidi wanaochunguza mimea yetu ya dawa, kwa sababu khellini na thapsigargini zilitoka kwenye mimea na nyingine zitatoka kwenye yetu. Dondoo la mzizi likionyesha kwamba aneksini A1 imehamia utandoni, majaribio ya lazima yanajulikana, na hayahitaji mashine za ghali. Kwanza, ondoa kalsiamu kwa kemikali inayoifunga, EGTA nje ya seli na BAPTA ndani, uone kama uhamaji unakoma. Pili, pima kama seli ziko hai kwa rangi inayoingia kwenye maiti peke yake, ili usiandike kifo kama tiba. Tatu, zuia utengenezaji wa protini mpya kama walivyofanya Flower na Blackwell. Athari ikitoweka, una kitu kinachopita njia ya jeni, na hapo ziba kipokezi cha steroidi kwa mifepristoni, maana dawa za kienyeji zilizochanganywa na deksamethasoni kwa siri zimeshakutwa mara nyingi. Athari ikibaki na ikaja ndani ya dakika chache, zuia FPR2. Ikizimika, umeipata njia ambayo Altounyan aliigusa kwa kifua chake mwenyewe bila kuijua, na hapo ndipo pa kuanza kutafuta kemikali moja iliyomo ndani ya dondoo hilo.